Pamoja na Vyote Vilivyomo

Kosa langu lina maneno manne, na hata hayo sikuyatunga mwenyewe. Niliyanakili. Yalikuwa kwenye mfano wa hati ya kuuza nyumba tuliopewa chuoni, karatasi ya kurudufu iliyofifia upande mmoja, na nyumba ya kwenye mfano ule ilikuwa na vitanda, makabati na tangi la maji, ndiyo maana ilisemekana inauzwa "pamoja na vyote vilivyomo". Mimi nikapenda jinsi yalivyofunga sentensi, kama mlango mzito unavyojifunga wenyewe. Basi nilipopewa kuandika hati yangu ya kwanza maishani, ya shamba la bondeni la jirani yangu Mama Edina, niliandika mipaka, nikaandika majina ya mashahidi, kisha nikaona sentensi ya mwisho imekaa uchi, nikaivisha yale maneno manne. Shambani mle hamkuwa na kitanda wala kabati. Mlikuwa na mianzi ya ulanzi, pombe yetu ya huku, ukingo mzima wa kijito, na mianzi ile aliyoipanda kwa mkono wake ndiyo iliyokuwa inamlisha Mama Edina.

Mtu wa kwingine hawezi kuona kosa liko wapi, kwa hiyo nieleze. Kwetu Njombe shamba ni la mwenye shamba, lakini mianzi ni ya aliyeipanda. Unaweza kuliuza shamba, ukaligawa, ukaurudishia ukoo, na bado kila masika ukaingia humo na kisu chako kugema ulanzi, na mwenye shamba akakuamkia "kamwene" na kukupisha njia. Hakuna anayeliandika jambo hilo kwa sababu hakuna asiyelijua. Mtoto wa darasa la tatu analijua. Mimi nililijua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha kidato cha nne ambacho mama yangu alikitazama akasema "Mungu yupo", na nilikuwa nasoma sheria.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita mianzi ile imeng'olewa. Aliyelinunua shamba kwa watoto wa Festo, shemeji yake Mama Edina aliyelichukua kwa hati ile, anapanda parachichi, kama kila mwenye akili na kila asiye nazo siku hizi, na parachichi halitaki kubanana na mianzi. Walikuja watu na sururu na mashoka, wakafanya kazi siku tatu. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe cha chai. Ni mtu wa dirishani mimi. Tangu shule wenzangu waliniita Mwali, kwa kuwa nilionekana nje mara chache kuliko binti aliyewekwa ndani, na mke wangu akikasirika bado analitumia jina hilo, tena mbele ya wageni. Siku ya tatu nikamwona Mama Edina ametoka. Amepita themanini sasa. Alisimama nyuma ya nyumba yake, mikono miwili juu ya mkongojo, akatazama mpaka shina la mwisho likalala, kisha akageuka, na kabla ya kuingia ndani akalitazama dirisha langu. Nikashusha pazia. Miaka zaidi ya ishirini imepita tangu hati ile, bado tunapakana, na bado mimi ndiye ninayeshusha pazia.

Habari za kuzaliwa kwangu na za ukoo wangu hazina faida kwa msomaji, nazijua na zinachosha. Nianzie Makambako.

Chuo chetu kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na njia panda, vyumba viwili vya kusomea na choo kimoja cha kugombania. Chini wakianza kukata nondo, mwalimu juu alinyamaza. Nondo zikinyamaza, mwalimu aliendelea pale pale alipoishia, hata kama ni katikati ya neno, kwa hiyo mpaka leo sheria ya mikataba kwangu ina harufu ya chuma kilichoungua. Upepo wa Makambako hauna adabu, ulikuwa unaingia kwa dirisha la mbele, unachukua notisi za walioketi mbele, unawapa walioketi nyuma. Mkuu wa chuo, mtu mnene mwenye koti la rangi ya maziwa ya mgando, alituahidi kwamba tukimaliza stashahada yetu tutahamia chuo kikuu, shahada ya sheria, bila kupita kidato cha sita. "Moja kwa moja!" alikuwa anasema, akinyoosha mkono kuelekea dirishani, na sisi sote tukageuka kutazama huko tunakokwenda, tukaona lori la mbao.

Nilipanga chumba na Osmundi, Mkatoliki aliyekulia karibu na misheni, mwembamba, aliyepika vizuri kuliko mimi na kutukana vizuri zaidi. Tulikuwa na kitanda kimoja, meza moja, jiko moja la mafuta ya taa na blanketi mbili, moja nzito na moja ya kudanganyia. Siku za kawaida tulikula ugali na dagaa wa kutoka Manda, wadogo, wachungu kichwani. Jumamosi Osmundi alichemsha makande tangu asubuhi na kunikataza kufunua sufuria. Nyumba haikuwa na dari, basi maneno ya mama mwenye nyumba yalipanda ukutani upande wake yakashuka upande wetu. "Hawa wanasheria wangu," nilimsikia akimwambia mgeni wake jioni moja, "mmoja ana mdomo, yule mwingine sijui kama yupo. Mpaka nisikie kikohozi ndiyo najua hajafa." Mgeni akauliza, "Na wanashinda kesi?" "Kesi! Juzi wameshindwa kumtoa paka jikoni." Osmundi akaniangalia, akaniambia kwa sauti ya kunong'ona kwamba tukate rufaa.

Sasa nikitafuta ni lini niliitaka sheria, sipati siku. Ninachokumbuka ni kwamba nilitaka kazi ya kukaa ndani. Wakili, kwa nilivyomwona mmoja mjini Njombe kupitia mlango uliokuwa wazi, alikuwa mtu anayekaa ndani na watu wanamfuata, tena wanasubiri kwenye benchi, tena wanamwamkia. Nilisimama pale barabarani mpaka mlinzi akaniuliza ninatafuta nini. Kilichonisubiri nyumbani kilikuwa jembe na viazi, na viazi havimfuati mtu sebuleni. Nacheka ninapoandika, lakini mwaka ule sikucheka. Niliitaka ile nafasi ya chuo kikuu kama mgonjwa anavyotaka maji, na mtu wa namna hiyo haulizi kikombe ni cha nani.

Fomu za maombi zilifika mwezi wa tisa. Kurasa sita. Nne za kwanza ziliuliza mambo ambayo hata mimi ningeweza kuyajibu. Ukurasa wa tano ulidai barua ya mtu mwenye wadhifa katika chombo cha kutoa haki, ambaye amemwona mwombaji kwa macho yake akifanya kazi ya kisheria. Osmundi aliusoma kwa sauti, akaweka fomu juu ya kitanda.

"Mwali, wewe kazi ya kisheria uliyowahi kufanya ni kugombea blanketi nzito. Na ulishindwa."

Yeye alikuwa na alama nzuri kunizidi. Alikwenda kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, akaambiwa arudi kesho. Akarudi, akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu ya nne akakuta hakimu amehamishwa. Akarudi chumbani, akaikunja fomu yake mara mbili, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na meza ikatulia kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Mimi nilirudi nyumbani Njombe kumtafuta katibu wa baraza la kata yetu.

Katibu alikuwa mtu wa makamo mwenye kalamu tatu kifuani, mbili haziandiki. Alinisikiliza vizuri. Akaichukua rasimu ya barua niliyokuwa nimemwandikia mwenyewe ili asipate taabu, akaisoma, akaiweka chini ya daftari lake kubwa. "Nimeona umejisifu kwa kiasi," alisema. "Lakini mdogo wangu, nitashuhudiaje kazi nisiyoiona? Andika kwanza. Kuna Festo na shemeji yake, huyo jirani yenu Mama Edina. Wamekubaliana mambo ya shamba la bondeni, wanataka mtu wa kuwawekea kwenye maandishi. Andika, nione, nami nitapiga mhuri." Ukisikiliza, ombi lile halikuwa na ubaya wowote. Mpaka leo nikilirudia kichwani silioni ubaya, na hilo ndilo linalonitia hofu, kwamba alikuwa ananiomba kazi ya kawaida na mimi nikaifanya kwa ufundi.

Tulikutana kwa Mama Edina siku ya Jumapili baada ya ibada. Sebule yake naijua kuliko yangu, nilikua nikitumwa chumvi mle: kalenda ya usharika ukutani, viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, jiko la mkaa katikati kwa sababu ya baridi. Alituwekea viazi vya kuchemsha, maharage, na chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati. Marehemu mumewe alikuwa kaka yake Festo, na shamba la bondeni lilikuwa la ukoo wao. Festo alilitaka, na kwa malipo yake angeacha kabisa kumsumbua mjane kuhusu nyumba na shamba la juu. Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano, na yalifikiwa kwa amani, watu wakimenya viazi.

"Shemeji," alisema Festo, mdomo umejaa, "bondeni nichukue. Huku juu sigusi hata jani."

"Chukua, baba. Magoti yangu mimi hayashuki tena kulima. Nitashuka kugema tu, na kugema hakutaki magoti, kunataka mkono."

"Wewe gema, mimi nitakunywa," Festo akasema, na wote wakacheka, Katibu akiwemo, mimi nikiwemo.

Nikaandika. Mama Edina alinipisha meza nzima, akawanyamazisha wengine kana kwamba nafanyiwa upasuaji. "Andika vizuri, baba," akaniambia. "Siku wakikuuliza huko chuo kikuu ulianzia wapi, useme nilianzia kwa Mama Edina." Nilipomaliza nikasimama na kuisoma hati kwa sauti ya redio. Nilipofika kwenye maneno manne, Festo aliacha kutafuna. Katibu akanyanyua macho, akayashusha. Mama Edina, ambaye hajui kusoma, akatikisa kichwa kwa furaha. "Kiswahili kizuri hicho," alisema, akaweka dole gumba kwenye wino, akalibandika pale nilipomwonyesha. Nilimshika mkono mimi mwenyewe ili alama isichafuke.

Watu huniuliza, wale wachache wanaoijua habari hii, kama nilifanya makusudi. Laiti ningefanya makusudi. Ningekuwa walau mwovu mwenye akili. Nilitaka tu kupendeza. Uovu ulikuja baadaye, nao nikaufanya nikiwa macho makavu.

Mvua zilianza, mianzi ikachipua, na mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Mgema hukata ncha ya chipukizi na kufunga chini yake mbeta, kikopo cha mwanzi cha kukingia maji yake matamu, na kila mtu huku anajua mbeta za nani zina kamba za namna gani. Asubuhi moja Mama Edina aliteremka bondeni na kukuta mbeta zake zimewekwa chini, zimepangwa vizuri kando ya njia, na kwenye kila chipukizi kuna mbeta ya Festo. Alikuja kwetu na tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, akasimama mlangoni.

"Baba, Festo anasema karatasi yako imempa mianzi."

Nikasema hapana, haiwezekani. Halafu maneno manne yakanijia, yote kwa pamoja, nikakaa kwenye kiti.

"Nitaliangalia, mama."

"Uangalie nini? Si ulikuwepo?"

Nilikwenda ofisi ya kata siku hiyo hiyo, na hili naomba liandikwe upande wangu, kwamba nilikwenda, tena kwa miguu, katika mvua, mimi. Niliketi kwenye benchi la ukumbini kusubiri nafasi. Ukuta wa ofisi ya Katibu ulikuwa wa mbao, na mbao za miti michanga zikikauka huachana. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Festo. Alikuwa anauliza itakuwaje baraza likikaa na yule mwandishi akasema kweli. "Usiwe na wasiwasi," Katibu akajibu. "Barua yake ninayo hapa, haijapigwa mhuri. Na mpaka siku ya baraza itakuwa haijapigwa." Festo akauliza, na asipojali barua? Katibu akacheka kwa pua. "Yule? Yule kununua chumvi anatumwa mara mbili." Niliondoka bila kubisha hodi. Njiani nilijiambia kwamba nimekasirishwa na ile habari ya chumvi.

Makambako nikamsimulia Osmundi yote. Alikuwa anakoroga makande, hakugeuka.

"Rahisi," alisema. "Unasimama, unasema: nilikosea kuandika, mama alisema atashuka kugema. Maneno sita. Unakaa."

"Na barua?"

"Utatafuta nyingine."

"Wewe ulitafuta. Ulipata?"

Aliendelea kukoroga kwa muda mrefu kuliko makande yanavyohitaji. Nilijua nimempiga mahali penye kidonda, na nilipaona, nikaridhika. Kisha akaweka mwiko chini. "Haya, Mwali. Kamle yule mama. Ila ukimaliza kunawa, usinikaribishe." Usiku ule alinipa blanketi nzito bila ubishi, na sikuweza kulala ndani yake.

Baraza lilikaa mwezi wa kwanza, katika chumba cha darasa la shule ya msingi, sisi watu wazima tumejikunja kwenye madawati ya watoto. Wajumbe walikuwa wazee wa kata, watu wa viazi na chai kama sisi, na kila mmoja wao alikuwa na mianzi yake mahali fulani katika shamba la mtu mwingine. Ndiyo maana nasema ingekuwa kazi ndogo. Walikuwa wanataka nimsaidie. Mwenyekiti aliniita mbele, akaniuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayemshika mtoto mkono avuke barabara: "Kijana, wewe ndiye uliyeandika. Siku ile, habari ya mianzi ilisemwaje?"

Katibu alikuwa ameketi pembeni na daftari lake kubwa, na chini ya daftari niliona kona ya karatasi yangu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hati inasema shamba pamoja na vyote vilivyomo."

"Hati tumeiona. Tunakuuliza walisemaje kwa midomo."

Mama Edina alikuwa mstari wa pili, amevaa kitenge cha kanisani. Alinitikisia kichwa kidogo, kunitia moyo. Alidhani nimesahau.

"Kisheria, mheshimiwa," nikasema, na sauti yangu ikatoka nzuri, nzito, sauti niliyokuwa nikiifanyia mazoezi peke yangu tangu mwaka wa kwanza, "watu wakishaweka makubaliano yao katika maandishi, maneno ya mdomo hayawezi kuyabadili."

Mzee mmoja wa nyuma akamnong'oneza mwenzake, nikasikia: "Huyu kasoma kweli." Hicho ndicho ninachokikumbuka kwa aibu kubwa kuliko uso wa yule mama, kwamba nilisikia sifa ile na ikaniingia, ikashuka tumboni kama chai ya moto. Mwenyekiti alitazama wajumbe wake, wakatazama madawati. Mtu wa jembe akiambiwa "kisheria" na mtu wa chuo, anafanyaje? Wakaamua kama karatasi inavyosema. Mama Edina alikunja vizuri leso aliyokuwa ameishika, akaiweka kifuani, akatoka, na alipopita kwenye dawati langu aliukwepa mguu wangu, kama unavyompisha mtu usiyemjua.

Katibu alipiga mhuri mchana ule ule. Aliongeza mstari mmoja kwa mkono wake kwenye rasimu yangu: "Ni kijana mwaminifu kwa maandishi." Nikaiweka barua katika bahasha, nikaenda nayo Makambako nimeishikilia kifuani ili isikunjike, nikaituma na fomu. Kisha nikangoja. Miezi ile ilikuwa mitamu, sitadanganya. Niliosha shati langu jeupe kila wiki kama mtu anayeitwa wakati wowote. Masika yalipita, na nilipokuwa narudi nyumbani nilisikia kwamba Mama Edina amepunguza chai, anakunywa bila maziwa, na kwamba amewahi kuonekana akinunua ulanzi kwa Festo, wa mianzi yake mwenyewe, kwa sababu alipata wageni. Nililisikia hilo jikoni kwetu, likisimuliwa na wanawake waliodhani nimelala. Nikajifunika kichwa.

Jibu lilikuja mwezi wa sita, bahasha nyembamba. Niliifungua chumbani nimesimama. Ilisema maombi yangu hayakufikiriwa, kwa kuwa chuo nilichosoma hakimo katika orodha ya vyuo vinavyotambuliwa kutoa stashahada ya sheria. Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali palipotajwa barua ya Katibu. Hawakuwa wameifikia. Walisoma ukurasa wa pili, jina la chuo, wakafunga. Ukurasa wa tano, ambao kwa ajili yake niliuza mianzi ya mtu, haukupata kufunuliwa na mtu yeyote.

Osmundi alichukua ile barua mkononi mwangu. Nilingoja tusi, nilijua litakuwa zuri, na nilijua nimelistahili. Aliisoma yote, akaikunja, akawasha jiko. Chakula kilipoiva alinipakulia mimi kwanza, na mnofu akaniwekea mimi. Hakuna neno alilowahi kuniambia lililoniumiza kama ule mnofu. Mkuu wa chuo alitutangazia kwamba jambo hilo linashughulikiwa, akaenda kulishughulikia, hakurudi. Kabla ya mwezi kwisha tulikuta vyumba vyetu vya kusomea vimejaa magodoro ya kuuza. "Wanasheria wangu wamefukuzwa na magodoro," mama mwenye nyumba alimwambia mgeni wake, na safari hii hatukunong'ona lolote.

Nikarudi nyumbani na cheti kile kile cha kidato cha nne nilichoondoka nacho. Njombe mwezi wa saba ukungu haupandi mpaka saa nne, na mtu anaweza kukaa ndani wiki mbili bila kuulizwa. Nilikaa wiki mbili. Ya tatu nikavuka ua kwenda kwa Mama Edina.

Alikuwa jikoni, anachambua maharage kwenye ungo. Akanikaribisha, akanisogezea kigoda. Nikamwambia yote, bila kuruka: yale maneno manne na nilikoyatoa, niliyoyasikia kwenye ukuta wa mbao, barua chini ya daftari, jibu la chuo kikuu. Nikamwambia niko tayari sasa kwenda mbele, baraza la wilaya, nisimame niseme kweli mbele ya Festo na Katibu. Muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita siku nyingi. Nilijua, nilikuwa nimelisoma somo hilo. Nikasema hivyo hivyo. Nadhani nilikuwa nalia.

Alitupa jiwe dogo nje ya mlango, akarudi kwenye ungo.

"Walikukataa lini?"

"Mwezi uliopita, mama."

"Na ukweli umeupata lini?"

Alimaliza maharage yote, akayamimina kwenye sufuria, akapukuta ungo, akautundika. Ndipo akanitazama, na akasema neno ambalo nimelibeba kama lilivyo, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mwanangu, wangekuchukua ningesema basi, mianzi yangu imesomesha mtu. Sasa imekwenda bure, na wewe umebaki hapa hapa nikuone kila siku."